Mshale Ulipolala Tukiwa Hewani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mguu wangu huu uliopinda, maana ni Yeye aliyeniachia!

Mashine ilinyamaza tukiwa hewani. Chini mawe ya bonde la Songwe, juu mbingu, na mimi Lazaro Nzunda katikati, nimefungwa mkanda ndani ya ndege ya mbao na kitambaa. Panga la mbele linazungushwa na upepo tu. Mshale wa saa ya mafuta umelala kwenye sifuri. Nyuma yangu Bwana Kipanga anapiga kelele, "Lazaro, pampu! Piga pampu!" Nilipiga ile pampu ya mkono mpaka kiganja kikachubuka. Hakuna kitu. Nilimwona mke wangu mjane, ndugu zangu.

Sasa nirudi nyuma. Kabla ya vita nilikuwa seremala kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa karibu na Ihanda. Watu walimwita Bwana Kipanga kwa sababu alijitengenezea ndege kwa mikono yake, ndani ya banda la kahawa. Mbao za mabawa nilizipiga randa mimi. Nilisoma miaka miwili tu shule ya misheni, lakini mbao hazikuniuliza cheti.

Ndege iliruka! Ila ilikuwa na ugonjwa. Ikikaa hewani kidogo, mshale unaoonyesha nguvu ya mafuta yanayokwenda kwenye mashine ulianza kushuka, mashine inakohoa. Tukitua tunafungua kifuniko cha tangi, tutazame kama mafuta yamekwisha. Yapo! Tukiwasha tena, mzima kabisa. Leo mgonjwa, kesho mzima. Tulibadili pampu. Tukaosha chujio. Tukahamisha bomba lililopita karibu na moto wa mashine, labda mafuta yanachemkia humo. Tukabadili hata saa yenyewe, tukidhani inasema uongo. Wapi!

Mimi nikaona mambo mawili. Tangi likijaa, ndipo ugonjwa unawahi. Tena kila tukifungua kifuniko, tangi linavuta pumzi: fyuu! Nikamwambia nyapara wetu, Elia Haonga, aliyeshika ufunguo wa banda na kujaza petroli.

"Kaka Elia, tangi hili lina kiu ya hewa."

Akanijibu mbele ya watu. "Seremala, hii ni ndege, siyo mzinga wa nyuki. Rudi kwenye randa yako!"

Watu wakacheka. Nikarudi kwenye randa. Hilo ni kosa langu, nimelitubu: nilinyamaza kwa kuona haya.

Asubuhi ile tulikuwa tunakwenda Saza, tangi limejaa pomoni. Bwana Kipanga alinichukua niutazame mshale njiani. Huko ndiko mashine iliponyamaza.

Nikaita, "Yesu, nisaidie!" Sikusikia sauti. Nilikumbuka kibuyu cha asali cha marehemu baba. Kwetu kibuyu huzibwa kwa nta, wadudu wasiingie, harufu isitoke. Na chenye mdomo mwembamba ukikiinamisha, asali inagoma, mpaka utoboe kitundu cha hewa upande wa pili. Ndugu zangu, kibuyu! Kule juu!

Nikafungua mkanda. Tangi lilikuwa mbele ya kifua changu, kifuniko kipo nje ya kioo. Nikasimama kwenye upepo ule, nikanyoosha mkono, nikakizungusha. Fyuu! Petroli ikanirukia usoni. Mshale ukainuka! Mashine ikakohoa, ikaunguruma! Haleluya! Tulikuwa tumeshuka mno, hatukuweza kupanda tena, lakini ilituvusha mawe mpaka kwenye shamba la ulezi. Tulitua vibaya. Mguu ukavunjika. Lakini wote wawili tukatoka hai!

Kifuniko kilikuwa bado mkononi mwangu. Juu yake kuna kitundu kidogo cha kupitishia hewa, nacho kimezibwa kwa nta ya nyuki, ya manjano. Bwana Kipanga akaikwangua kwa ukucha, akaitazama.

Ni Elia Haonga aliyekiziba. Mkewe marehemu alimwambia mke wangu walipokuwa wakipepeta kahawa. Petroli ilikuwa ikipungua yenyewe kwa jua, naye akaogopa kuitwa mwizi, akafanya kama tunavyofanya vibuyu. Namhurumia, kweli namhurumia. Hata mimi ningeogopa. Lakini alipoulizwa, alisema Lazaro hakukaza bomba. Na Bwana Kipanga, aliyeiona nta kwa macho yake, akaandika kwenye kipande changu, ile kadi ya kazi, kwamba mimi ni mzembe! Nyapara alimwendeshea shamba zima; seremala kilema wa nini?

Kwa kipande kile nilikataliwa kazi Saza, nikakataliwa Tunduma. Mpaka leo nikipita sokoni nasikia, "Ndiye yule aliyeangusha ndege." Wanangu wanasikia.

Wewe unayeanguka leo, mwite Yesu hata kama mashine imenyamaza. Anaweza kukujibu kwa kitu cha nyumbani kwenu. Mimi alinitoa mautini. Uchungu bado ananiosha kidogo kidogo.

Bwana Kipanga alishahama nchi, Mungu anajua alipo. Lakini mzee Elia yupo, ameketi benchi la mbele, kofia mapajani. Kaka Elia, sitaki ufungwe. Sitaki unilipe mguu. Wanangu ni hawa hapa. Simama uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe: nani aliweka nta ile?