Bi Mayasa Makungu, Mkulima wa Cheju (1961–2025)

Assalamu alaykum. Tumekusanyika kumsomea hitma dada yetu, Bi Mayasa Makungu, na familia imeniomba mimi, mdogo wake Simai, nieleze maisha yake.

Marehemu alizaliwa Uroa tarehe 12 Mei 1961, mtoto wa kwanza wa Mzee Makungu na Bi Time. Alisoma skuli ya hapo hapo Uroa hadi mwaka 1975, kisha akapelekwa Mjini, Malindi, kwa shangazi yetu, akajifunza kushona.

Mwaka 1982 aliolewa na Bwana Hamad Mahfoudh wa Cheju. Huko aliiacha cherehani akawa mkulima wa mpunga. Ndege wakishuka kondeni aliwafukuza kwa kuwaita majina ya mawifi zake, na mawifi wakimrudishia matusi yake kutoka konde la pili. Bonde zima likicheka.

Bwana Hamad alifariki tarehe 3 Novemba 2021. Mwezi uliofuata wakulima waliandikishwa kwa ruzuku: Serikali ingelipia sehemu kubwa ya trekta, mbegu na mbolea. Marehemu alikuwa ndani ya eda, hatoki, akanituma mimi. Karani aliniuliza, "Konde la nani?" Nikajibu, "La Hamad," kama lilivyoitwa siku zote. Nyuma yangu palikuwa na watu wengi, nami nikaona haya kuongeza neno. Nikatia saini nikaondoka.

Mbolea ilipofika, karani aliita, "Hamad Mahfoudh! Aje mwenyewe na kitambulisho!" Mtu mmoja akajibu, "Huyo tumeshamzika."

Nilikwenda kumwambia dada. Akacheka. "Weye Simai! Hamad akija kuchukua mbolea yake, mwambie na nyumbani apite. Kuna maneno hajanijibu."

Kubadilisha jina kulitaka cheti cha kifo, barua ya sheha na saini za warithi wote, na mmoja wao yuko Maskati. Trekta ililima makonde ya jirani, ikalipita lake. Misimu miwili, 2022 na 2023, marehemu alilima kwa jembe, na umri wake ule. Msimu wa pili jembe lilimkata mguu wa kushoto. Alikuwa na sukari, kidonda hakikufunga.

Jina lake liliingia kwenye orodha mwezi wa Disemba 2023. Trekta ilipokuja alikaa kwenye kiti pembezoni mwa konde, mguu umefungwa bendeji, akimwelekeza dereva kwa fimbo. Agosti 2024 alikatwa mguu. Baadaye figo zilishindwa, na Alkhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, baada ya sala ya laasiri, alifariki hospitali, Mjini. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Mimi ndiye niliyekosea, na nilikuwa sijalisema hili mbele ya watu.

Ameacha watoto wawili, Amne na Tahir, wajukuu watano, na mimi. Warithi wamekubaliana konde alilime Amne. Sheha, tuko nawe hapa: orodha ya mwakani ikifunguliwa, konde ni la Amne Hamad. Yu hai, na atakuja mwenyewe.

Mola amsamehe dada yetu, alitie nuru kaburi lake, ampumzishe. Amelima vya kutosha. Amin.