Enid Ollerenshaw, Aliyewajibu Wanunuzi wa Nyumba wa Belper

Wapendwa mliofika kumsindikiza mama, majirani zetu, wafanyakazi wenzake, na ninyi wote ambao nyumba zenu zilipita mikononi mwake, mimi ni Bryony, mtoto wake pekee, na nasoma kwa niaba ya baba aliyekaa hapa mbele, kwa kuwa anasema akiishika karatasi hii mwenyewe atalia kabla hajafika sehemu ya shule.

Mama yetu alizaliwa hapa Belper tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa mzee Harold Statham, fundi wa kiwanda cha soksi, na mkewe Nellie. Alisoma shule za mji huu mpaka mwaka 1976, akaendelea na chuo mjini Derby, na mwaka 1979 akaajiriwa katika ofisi ya mawakili iliyo juu ya duka la viatu, ambako alianza kwa kupiga chapa, akasoma jioni, na mwaka 1989 akapata leseni ya kuhamisha umiliki wa nyumba, kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomzuia.

Wengi wenu mlimjua kwa maswali yenu. Muuzaji amekubali bei yangu, je, nyumba ni yangu? Bado, mpaka mikataba ibadilishwe, kila upande ukipokea nakala iliyotiwa saini na mwenzake, kabla ya hapo kila upande waweza kujitoa. Bima nianze lini? Siku ya kubadilishana mikataba, usingoje funguo, maana paa likianguka katikati ni lako. Nishone mapazia? Subiri kwanza. Aliwajibu kwa sauti ya chini, ya taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto blanketi, na hakuna aliyeuliza mara ya nne akajibiwa kwa ukali.

Tarehe 7 Juni 1986 alifunga ndoa na Wilfred Ollerenshaw, mwoka mikate, na mwaka 1994 wakanipata mimi. Mwoka mikate huamka watu wakiwa wamelala, naye hulala watu wakiwa macho, kwa hiyo baba alikuwa na mkewe saa ya chakula cha jioni tu, na saa hiyo ndiyo simu ilikuwa ikilia, na sauti ile nzuri ikaenda kwa wengine huku kitoweo kikipoa. Hilo lilimchoma baba miaka yote ya ndoa yao.

“Wao unawaambia wasiwe na wasiwasi,” alikuwa akisema, “mimi unaniambia toa takataka.”

“Wao wanatafuta nyumba, Wilf,” mama alimjibu. “Wewe umeshapata.”

Wivu huo ulipata jina mwaka 2019, alipokuja ofisini kwa mama Bwana Lionel Fairclough, mwalimu wa piano aliyefiwa na mke, ambaye alikubaliwa bei ya nyumba mara mbili, na mara zote mbili akazidiwa dau na mtu mwingine kabla ya kubadilishana mikataba, jambo ambalo sheria yetu inaliruhusu ingawa ustaarabu haulipendi. Kila alipokosa alipiga simu, na mama alimtuliza.

“Mtu gani anapoteza nyumba mbili?” baba aliuliza. “Hiyo si bahati mbaya, hayo ni mazoea.”

“Ni mpweke, Wilf.”

“Basi anunue mbwa. Mbwa hana mkataba.”

Januari 2023 madaktari walituambia kwamba mama ana saratani ya kongosho, na kwamba siku zilizobaki si nyingi. Aliwakabidhi wenzake majalada yote isipokuwa moja, la Bwana Fairclough, ambaye mwezi Machi alikubaliwa kwa mara ya tatu, nyumba ndogo ya mawe kule Milford, na mama akasema safari hii atamfikisha mwenyewe. Baba, aliyekuwa ameuza tanuri na duka lake ili akae na mkewe, alikaa naye kweli, akimsikiliza akizungumza na Fairclough.

Ndipo baba alipokwenda kwa dalali, kimyakimya, akaweka dau juu ya dau la Fairclough. Wakili hawezi kumsimamia mnunuzi ambaye mpinzani wake ni mume wa wakili mwenyewe, hivyo mama angelazimika kuliacha jalada, na baba aliyajua hayo kwa kusikiliza simu zile za saa ya chakula. Dalali akampigia mama, na mama akashuka ngazi akishikilia ukuta.

“Wilf, umeigombea nyumba ya Fairclough?”

“Mikataba haijabadilishwa. Si maneno yako hayo?”

“Utaishi mle?”

“Dari iko chini mno, nitagonga kichwa.”

“Sasa unaitakia nini?”

“Nataka simu inyamaze,” baba akasema.

Mama alicheka mpaka akajishika tumbo. “Mzee mzima, unamwonea wivu mpiga piano!”

“Si yeye, Enid. Ile sauti.”

Hapo mama hakucheka tena. Kesho yake baba alirudi kwa dalali akajitoa, maana kujitoa nako kunaruhusiwa, na tarehe 19 Mei mikataba ya Bwana Fairclough ilibadilishwa kwa simu, mama akiwa kitandani, baba amemshikia simu sikioni. Hiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho.

Jioni ile ile baba, ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kumuuliza mkewe swali hata moja la kazi yake, aliketi ukingoni mwa kitanda, akavua kofia.

“Samahani, mama, nina swali kuhusu nyumba.”

Mama alimtazama, akanyoosha shuka kama anayepanga meza ya ofisi. “Karibu, bwana. Uliza tu.”

“Mume na mke wana nyumba pamoja. Mmoja akitangulia, inakuwaje?”

“Mkiwa mmeandikishwa kuimiliki nzima kwa pamoja, bila mafungu, yote hubaki kwa aliyebaki,” mama alisema, kwa sauti ile ile, taratibu. “Hainunuliwi, haigombewi na mtu. Unapeleka cheti cha kifo, jina moja linaondolewa katika hati. Usiwe na wasiwasi.”

“Na kama aliyebaki haitaki peke yake?”

Mama akafunua shuka upande mmoja. “Hilo ofisi yetu haijawahi kuulizwa,” akasema. “Sogea hapa.”

Nilikuwa mlangoni na chai, nami nikamwonea baba wivu, nikarudi jikoni.

Mama alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 11 Juni 2023, alfajiri, baba akiwa ameamka kama kawaida ya waoka mikate.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Derby, majirani waliotuletea supu bila kubisha hodi, na wenzake wa ofisini waliobeba majalada yake. Tunamshukuru pia Bwana Fairclough, ambaye atatupigia kinanda tukitoka, na aliyekwenda Milford kumwomba ni baba mwenyewe.

Mama, kuhusu lile jina la kuondolewa katika hati, baba anasema cheti bado hajakipeleka, na hana haraka. Pumzika kwa amani, ukiwa bado mwenye nyumba.