Disketi Namba Saba

Bwana asifiwe, wapendwa. Naomba nisimamie hapa chini, kule juu miguu yangu itatetemeka mkaona wote. Mchungaji kanipa dakika kumi. Nyie mnanijua, sijawahi kumaliza jambo kwa dakika kumi, kwa hiyo mwenye njaa avumilie kidogo.

Wengi mnaniita mama kompyuta, yule wa pale jirani na mashine ya kusaga. Mnaletaga kadi za harusi na barua za kuomba kazi, nachapa, tunacheka, mnaondoka. Leo nataka mjue ni mtu wa namna gani aliyekuwa anawachapia. Sitamtaja mtu kwa jina, maana wengine wamo humu humu ndani.

Zamani nilikuwa opereta kwenye shirika moja la umma, mjini. Kompyuta ya shirika ilikuwa moja tu, imejaa chumba kizima. Viatu tunavua mlangoni, tunaingia na masweta kwa ubaridi wa mle ndani, Dar es Salaam hii hii! Mie nilikuwa najiona mtu mkubwa. Nikaamini moyoni kwamba kazi kubwa inataka mashine kubwa, na mwenye mashine ndogo afanye vijikazi vyake.

Likaja shirika kuuzwa. Asubuhi moja tunafika kazini, geti limefungwa, majina yamebandikwa. Langu lilikuwa la tatu. Nililisoma mara nne, jamani, nikidhani labda kuna mwingine tunafanana majina. Na ile kompyuta yetu waliing'oa vipande vipande wakaitupia kwenye lori la chuma chakavu. Nilisimama pale barabarani mdomo wazi. Nililia kuliko nilivyoililia kazi yangu.

Kiinua mgongo nikanunulia kompyuta moja, iliyokwisha kutumiwa na wazungu, nikafungua ofisi hapa Kimara. Ndipo akaja injinia.

Mnakumbuka maji tulikuwa tunayafuata wapi. Kule bondeni, ndoo kichwani. Binti zangu wawili walikuwa wanafika shule sketi zimelowa, wanachapwa kwa kuchelewa. Sasa injinia huyu alikuwa na mradi wa kisima kirefu na tangi, na matawi kumi na mawili ya mabomba kwenda mitaa yetu. Kila tawi lilitaka hesabu. Ukiweka bomba la inchi mbili hapa na inchi tatu pale, maji yatafika mwisho au yataishia njiani? Alikuwa na programu yake kwenye disketi. Unampa mashine namba, inajaribu, inajaribu tena, maelfu ya mara, mpaka ipate mpango unaofaa. Tawi moja lilikuwa linakula karibu siku nzima ya mashine kama yangu. Na hesabu zilitakiwa kwa wafadhili baada ya wiki mbili. Zikichelewa, mabomba yanapelekwa wilaya nyingine.

Akaniuliza, "Mama, una mashine ngapi?"

Nikamwambia, "Sita."

"Zote hapa?"

"Ziko ukumbi wa nyuma."

"Na jenereta?"

"Ipo."

Ndugu zangu, hata mafuta ya chemli nilikuwa naazima kwa jirani! Ile sita ilitokea wapi sijui mpaka leo. Niliona akiondoka kazi inakwenda kwa wakubwa wa mjini, ulimi ukanitangulia. Akanipa kazi, na maji yenu nyote yakawa yamekaa juu ya uongo wangu.

Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa umepamba moto. Leo Kimara tunao, kesho hatuna. Na hiyo siku tunayokuwa nao, unachezacheza. Ukikatika saa tisa alasiri, hesabu yote tangu asubuhi imefutika, unaanza upya. Siku ya sita nilikuwa na tawi moja. Moja! Nikaketi naitazama ile skrini nyeusi, naona sura yangu mwenyewe.

Sikuwa nakula. Nikamkaripia baba watoto kwa kuwasha redio, eti anamaliza umeme wangu. Mwisho nikafunga begi, nguo tatu na Biblia, nikajifiche kwetu bara kwa dada yangu. Baba watoto akaliona chini ya kitanda. "Unasafiri?" Nikasema, "Nguo za fundi hizo." Yule bwana alinitazama tu, akatoka nje. Mume wangu, hapo ulipokaa, nakuomba radhi mbele ya kanisa.

Kabla ya kukimbia nikaona niage upatu. Nilikuwa nacheza na wenzangu tuliopunguzwa pamoja, na kijumbe wetu, yule anayekusanya na kupanga zamu, alikuwa dada mmoja wa Temeke, mwenyeji wa pwani hii, mswalihina, mwenye maneno makali na moyo mweupe. Naye alikuwa na ofisi ya kuchapa, na mashine yake moja. Nikamkuta amekaa mlangoni anajipepea.

"Unatoka upatu, shoga? Kulikoni?"

Sikukusudia kusema, ila nikajikuta nimemwaga yote.

"Umemwambia sita?"

"Sita."

"Nawe unayo moja?"

"Moja."

"Subhanallah! Mwenzetu una ulimi wewe!" Akacheka mpaka akashika mbavu, nami nataka ardhi ipasuke. Kisha akaacha kujipepea. "Leo kwenu umeme upo?"

"Haupo."

"Kwangu upo. Na mashine yangu tangu asubuhi imechapa barua moja. Kesho kwangu giza, kwenu taa. Sasa we mama, upatu tunachezaje? Si kila mtu anatoa kidogo, wote wanampa mmoja? Basi wiki hii sie wenye ofisi za kuchapa tunatoa mashine. Zamu yako."

Mie hao wenye ofisi nilikuwa nawaita washindani, nikiwapita siwasalimii. Na huyu anataka kuwakusanya kwa ajili yangu!

Na akawakusanya. Kawe kulikuwa na mwalimu mstaafu wa hesabu, anachapa mitihani. Tandika dada mmoja wa kadi na risala. Magomeni kaka mmoja wa steshenari. Kinondoni mama mmoja mchapaji kama mie. Ukiweka na Temeke na Kimara, hebu hesabuni wenyewe. Sita!

Kila tawi nikaliweka kwenye disketi yake, nimeandika namba kwa kalamu, zote ndani ya kopo la biskuti zisiingie vumbi. Kopo likawa linafuata umeme. Leo wenye umeme ni Kawe, Magomeni na Kimara, disketi zinakwenda huko. Kesho ni Temeke, Tandika na Kinondoni, zinahamia kule. Mgao uliokuwa unaniua ndio ukawa ratiba yetu. Kazi iliyonishinda siku sita, siku ya kumi na mbili kopo lilirudi kwangu na disketi kumi na mbili ndani. Nilizihesabu moja moja. Nikamshukuru Mungu nikalala kama mtoto.

Sasa sikilizeni nilivyoanguka mara ya pili, na hapa pabaya zaidi.

Siku ya kumi na tatu asubuhi injinia alikuwa anakuja, na kesho yake ndiyo mwisho. Nikawasha mashine kuchapa majibu. Moja, safi. Mbili, safi. Sita, safi. Nikaweka saba. Ndani yake mna namba za injinia tu, kama alivyozileta. Hakuna jibu. Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Tupu! Jasho likanitoka mpaka kwenye nyayo.

Nilikuja kujua baadaye. Dada wa Tandika alifiwa na mjomba wake Kimbiji, akaenda kuzika. Akampa kaka wa Magomeni disketi yake ya kumi, naye kaka akamwachia ya kwake, ya saba, aifanye akirudi. Kwenye upatu ndivyo tunavyofanya, mwenye shida anabadilishana zamu na mwenzake, haombi ruhusa. Kaka akajua wamebadilishana, kwa hiyo saba itafanywa na dada. Dada na msiba wake akajua kaka kamsaidia zote mbili. Saba ikabaki yatima. Na mie nikahesabu disketi kama kijumbe anavyohesabu vichwa, sikufungua hata moja nikatazama ndani.

Hamtaamini nilichofanya. Nikachukua majibu ya tawi la sita, nikabadilisha juu nikaandika saba, nikachapa. Mikono hii! Nikayapachika kwenye faili katikati. Nikajiambia, nani atajua? Bomba ni bomba.

Injinia akaingia, akafunua karatasi, akatabasamu. Hakuuliza hata ukumbi wa mashine. Akanishika mkono, faili kwapani, akafika mlangoni. Pale mlangoni akageuka akasema, "Tawi la saba ndilo lililokuwa linaninyima usingizi, lina mlima mkali. Kumbe lilikuwa rahisi hivi!"

Wapendwa, nilihisi kama mtu kanimwagia maji ya barafu mgongoni. Mlima! Namba zile hazikuwa na majina ya mitaa, nilikuwa sijui saba ni wapi. Nikawaona watu fulani nisiowajua, wamechimba mtaro, wamezika mabomba, wamefungua koki, wamesimama na ndoo zao, na koki inatoa hewa. Kuna mama mwenzangu pale anawaambia binti zake warudi bondeni.

Nikasema, "Baba, rudisha faili."

"Kuna nini?"

"Hiyo saba ni uongo. Ni sita nimeipaka rangi. Na mashine sita sina. Ninayo hii moja. Jenereta sina. Ukumbi sina."

Alirudi ndani. Kisha akakaa kwenye benchi la wateja, uso umemvimba. "Mama, umenidanganya mara mbili. Mara mbili! Ningewajengea watu bomba la hewa!" Nililia tu, na kamasi juu.

Halafu akauliza polepole, "Na hizi kumi na moja? Zimefanywa na nani?"

Nikamweleza upatu, mgao, kopo la biskuti. Yule mtu alinikodolea macho kama nimesema nimefufuka. "Unajua unasema nini? Huko ughaibuni wataalamu wanaumiza vichwa namna ya kuunga kompyuta za mbali zifanye kazi moja. Mtu achote nguvu ya hesabu kama anavyochota umeme wa gridi, asiulize umetoka bwawa gani. Na nyie mnatembeza kwenye kopo!" Hapo alikuwa bado amekasirika, msidhani. Alikuwa anashangaa na kufoka kwa pamoja.

Siku ile umeme ulikuwa zamu yetu, Kawe na Magomeni. Akanipakia kwenye gari mpaka kwa mwalimu wa Kawe. Mwalimu akavaa miwani, akasema, "Mnahangaika nini? Na tawi moja nalo linagawanyika. Mmoja ajaribu mipango yote ya bomba kuu la inchi mbili, mwingine inchi tatu, mwingine inchi nne. Mwisho tunalinganisha." Nikakimbilia simu ya duka nikampigia kijumbe, kwake giza. Hakunigombeza. Mchana tunarudi hapa Kimara, tunamkuta ameshashuka kwenye pikapu ya kukodi, mashine yake amepakata, imefungwa kanga. Nyuma yake dada wa Tandika, macho bado mekundu ya msiba, naye na yake. "Nimekosa mie," anasema. Namwambia hapana, nimekosa mie.

Saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, jibu la saba likatoka. Bomba la inchi nne mpaka nusu ya mlima, halafu tatu. Sita ilikuwa na inchi mbili mwanzo hadi mwisho. Maji yasingepanda hata robo. Nikaichomoa ile karatasi ya uongo kwenye faili, nikaweka hii.

Ndugu zangu, sie sita mpaka leo tunafanya kazi pamoja. Matokeo ya mitihani ya shule nzima, mishahara ya kiwanda, hesabu za nondo za mkandarasi, kazi ambazo hakuna hata mmoja wetu angethubutu kuzigusa peke yake. Na ninawaambia wenye biashara humu, kinyozi, fundi cherehani, mwenye mashine ya kusaga, angalieni kilicholala kwenu wakati mwenzenu anahangaika. Ila mkigawana kazi, msihesabu makopo. Fungueni ndani. Anayebadilisha zamu aseme.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu kwa kutolifungua lile begi. Namshukuru injinia, ambaye angeweza kuniumbua na hakuniumbua. Na kijumbe wangu wa Temeke yuko pale mlango wa nyuma na mtandio wake. Kasema haingii katikati ya ibada yetu, ila hatakosa kunisikia nikijisema. Mpigieni makofi, jamani.

Neno la mwisho. Siku ya kufungua maji injinia aliniita. Matawi mengine yote yalikuwa yameshatoa. Akaniambia, "Mama, hii fungua wewe. Hii ndiyo saba." Nikatazama niliposimama. Mlima mkali ni huu, wapendwa. Saba ni koki ya hapa nje, ukutani kwa kanisa letu, mliyonawia mikono asubuhi hii.

Mkitoka kanyweni. Ila naomba mnipishe nitangulie kuifungua. Kila Jumapili naifungua mie, na kila Jumapili nasimama pale roho juu mpaka niyaone yakitoka.