Kokushubila wa Temeke na Vikapu Arobaini na Nane vya Adeni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Mwenye jirani asiye na redio amwite, ampe kigoda. Leo sitaki kulia. Wafiwa wenyewe wameniomba nisilie, nami ni mtu wa machozi ya karibu, kwa hiyo nitajitahidi.

Tunamkumbuka Bibi Kokushubila, mke wa Bwana Theonest, karani wa reli. Majirani walimwita Mama Felicitas. Alifariki Jumatatu iliyopita kwa homa ya mapafu. Jumanne tukamzika Kinondoni, na watu walikuwa wengi hadi barabarani. Kokushubila wa Temeke. Yule aliyepeleka vikapu Adeni. Kama hujamsikia, basi hujawahi kusimama kwenye foleni ya vifurushi pale posta ya mjini.

Alizaliwa Kamachumu, kule Bukoba. Alifika Dar es Salaam mwaka wa arobaini na saba, mumewe alipohamishiwa huku. Bwana Theonest ameniambia hivi, na alikuwa akicheka: "Tulishuka kwenye treni na sanduku mbili. Moja ilikuwa na nguo zetu wote. Ya pili ilikuwa na kahawa yake."

Kahawa gani? Si ya kunywa. Ni ya kutafuna. Matunda ya kahawa huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha hukaushwa. Kwa Wahaya, mgeni hupewa kahawa hiyo kabla hajaulizwa shida yake. Na nyumbani kwao Kokushubila, kikapu kinachokwenda kwa mtu mwingine hakiendi kitupu. Hutiwa punje chache za kahawa, ndipo kifuniko kifungwe. Mama yake alimfundisha hivyo, naye hakuwahi kuuliza kwa nini. Shikeni hilo, wapendwa, maana ndilo lililotaka kumwangusha.

Kokushubila alisuka vikapu. Vidogo, vyenye vifuniko vilivyochongoka kama paa la nyumba ya msonge. Vimekazwa hivi kwamba ukitia maji hayavuji upesi. Mimi nimejaribu! Alipofika Temeke hakupata nyasi za kwao, akaanza kutumia ukindu. Hapo akakutana na Bi Siwatu, jirani yake, Mzaramo, fundi wa mikeka. Wakagombana siku ya kwanza juu ya namna ya kuloweka ukindu. Siku ya pili wakagombana tena. Siku ya tatu walikuwa wamekaa mkeka mmoja. Baada ya mwaka, barazani pale walikuwa wanawake kumi na mmoja, wote wanasuka.

Sasa twende mwaka wa hamsini na mbili. Miaka sita iliyopita.

Karibu nao palikuwa na duka la Bwana Taiyeb, Mhindi wa Kibohora, muuza nyuzi, sabuni na mafuta ya taa. Bwana Taiyeb ana dada yake, jina lake Shamshad, mwenye duka bandarini Adeni. Meli kubwa za abiria hutia nanga pale, wasafiri hushuka saa chache tu, hununua vitu vya ukumbusho, hupanda tena. Taiyeb alimpelekea dada yake kikapu kimoja, kwa kujaribu. Jibu likaja haraka. Shamshad alitaka vikapu arobaini na nane. Viwe dukani kabla ya meli fulani kubwa kufika. Vikiwahi, ataagiza kila mwezi. Vikichelewa, nafasi atapewa mtu mwingine, na asisumbuliwe tena.

Arobaini na nane! Barazani ikawa shangwe, vigelegele, Bi Siwatu akacheza mpaka kitambaa cha kichwani kikaanguka. Kisha wakakaa chini wakasuka. Wiki saba. Ukindu uliwakata vidole, chakula cha mchana kikawa kinapikwa kwa zamu.

Vikapu arobaini na nane vikaingia katika vifurushi vinne. Kila kifurushi vikapu kumi na viwili. Bwana Taiyeb alimfundisha Kokushubila kushona kifurushi kwa kitambaa cha amerikani na kupiga muhuri wa lakiri, ile nta nyekundu, juu ya mishono. Akamwambia pia: "Mama Felicitas, usishone kabla. Karani wa forodha lazima aone kwanza. Peleka wazi."

Kokushubila akamtazama. "Bwana Taiyeb, nipite njia yote ya mjini na mzigo uko uchi? Watu wataniona mimi ni mtu gani?"

Akashona nyumbani. Akapiga lakiri nyumbani. Mishono iliyonyooka kama rula!

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Meli ya kwenda Adeni inaondoka jioni. Mifuko ya posta inafungwa saa saba mchana. Baada ya saa saba, hakuna tena, mpaka wiki tatu zipite. Walifika kwenye kaunta saa nne na nusu: Kokushubila, Bi Siwatu, na Bwana Taiyeb aliyewaleta kwa gari lake la mizigo. Karani wa forodha alikuwa kijana mmoja, Bwana Marijani. Bado yupo pale, na ndiye aliyenisimulia mengi.

"Shikamoo, mama," akasema. "Fomu umejaza vizuri. Yaliyomo: vikapu. Thamani ipo. Uzito upo. Sasa fungua."

"Nimekwisha kushona, mwanangu."

"Naona, na umeshona vizuri. Fungua."

Basi mkasi ukaletwa, kifurushi cha kwanza kikafumuliwa. Marijani akachukua kikapu cha juu, akainua kifuniko, akakigeuza. Punje saba za kahawa zikadondoka juu ya kaunta.

"Hii nini?"

"Hiyo? Hiyo ni salamu tu."

"Mama, hapa mbona hukuandika?"

"Salamu inaandikwa?"

Marijani akachukua punje moja, akaipima kiganjani. "Ikiwa na uzito, inaandikwa. Na hii ni kahawa. Kahawa haitoki nchini bila kibali, hata punje moja. Nyingine imo kwenye vikapu vingine?"

Hapo sasa, wapendwa. Hapo. Vifurushi vitatu vilikuwa bado vimeshonwa, lakiri haijaguswa. Marijani alikuwa ameona kikapu kimoja tu. Bi Siwatu akamfinya mwenzake kwenye mkono, akamnong'oneza, na hili kanieleza yeye mwenyewe bila aibu: "Shoga, sema ni hicho kimoja. Sema watoto walichezea. Wiki saba, shoga!"

Na Kokushubila alijua mambo mawili. Akisema kweli, kazi ya wiki saba ya wanawake kumi na mmoja huenda ikaachwa na meli. Akisema uongo akakamatwa, jina lake litaandikwa, na hatapeleka tena mzigo nje ya nchi hii maishani. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tano.

Akasema: "Vyote. Vikapu vyote arobaini na nane. Nilitia mwenyewe."

Bwana Taiyeb alijishika kichwa. Foleni nzima ikaguna.

Marijani akasema: "Umenipunguzia kazi, mama. Ungesema kimoja, ningevipeleka vyote ghalani vikaguliwe kimoja kimoja kwa muda wao. Sasa toa kahawa yote hapa mbele yangu, uandike upya, ushone upya. Nikiona ni safi, napiga muhuri. Ila saa saba ni saa saba. Sina ruhusa ya kuisogeza." Halafu akashindwa kujizuia: "Na kwani Adeni, mama, ndiko kunakopelekwa kahawa? Si ndiko wanakoiuza!"

Watu wakacheka. Kokushubila mwenyewe akacheka. Kisha wakaanza.

Mkasi mmoja, vifurushi vitatu, vikapu arobaini na nane. Wakavuta benchi. Kila kifuniko kikafunguliwa, kila kikapu kikageuzwa. Kahawa ikapanda lundo kwenye leso ya Bi Siwatu. Mwalimu mmoja aliyekuja kupeleka vitabu Zanzibar akaacha zamu yake, akaja kusaidia. Mama mmoja wa Magomeni akakaa chini akaanza kutunga nyuzi kwenye sindano. Na Kokushubila, hebu mwoneni, anapita na ile leso anawagawia watu kahawa watafune! Posta nzima inatafuna! Marijani alikataa kwa sababu yupo kazini, lakini mimi namjua, alitia mbili mfukoni.

Saa sita kasorobo vikapu vyote vilikuwa vitupu. Hapo Kokushubila akasimama. Mikono ikamgoma.

"Siwezi kufunga," akasema. "Vitupu hivi siwezi. Nitakuwa nimewapelekea watu matusi."

Msicheke, wapendwa. Machozi yalimtoka. Mtu aliyesema kweli mbele ya foleni nzima bila kutetemeka, sasa alikuwa analia kwa sababu ya vikapu vitupu. Bwana Taiyeb akaangalia saa, akasema, "Mama, nakuomba."

Bi Siwatu ndiye aliyepata njia. "Si kitu chochote tu kinatosha? Tutie majina yetu. Kila kikapu jina la aliyekisuka."

Wote wakamgeukia Marijani. Akafikiri. "Barua haziruhusiwi ndani ya kifurushi," akasema. "Lakini jina na mahali, basi, bila salamu wala habari, hiyo si barua. Ni lebo. Andikeni kwenye kila fomu: vikapu vya ukindu kumi na viwili, lebo za karatasi kumi na mbili."

Karatasi ya kufungia sabuni ikatoka kwenye gari la Taiyeb, ikakatwa vipande. Mwalimu akaandika. Taiyeb akaandika. Makarani waliokuwa kwenye foleni wakatoa kalamu zao. Kokushubila anashika kikapu, anatazama mshono, anataja aliyekisuka bila kukosea: "Hiki cha Mwajabu. Hiki cha Siwatu. Siwatu. Hiki changu." Bi Siwatu anatia karatasi, anafunga. Mama wa Magomeni anashona. Lakiri inayeyushwa kwa mshumaa. Fomu mpya nne. Yaliyomo yote yameandikwa. Saa saba kasoro dakika nne, Marijani akapiga muhuri wa mwisho, na foleni ikapiga makofi!

Vikapu vikawahi meli. Wiki tatu baadaye Bwana Taiyeb alitoka dukani mbio, bila viatu, simu ya maandishi mkononi. Shamshad alikuwa ameandika maneno machache: vimekwisha siku moja, tuma vingine, majina yasikosekane.

Majina yasikosekane! Wasafiri walikuwa wanauliza, huyu ni nani? Wakaanza kuandika. Barua ya kwanza ilitoka Australia, kwa Bi Siwatu wa Temeke. Bi Siwatu hakujua kusoma. Alitembea na barua ile mtaa mzima, akimwonyesha kila mtu bahasha.

Tangu hapo, kwa miaka sita, kila mwezi mzigo ulikwenda Adeni. Kila mwezi, kwenye mstari wa mpelekaji, jina lilikuwa moja: Kokushubila. Watu wakaanza kumfuata nyumbani. Mshona kofia wa Kinondoni, mchonga vinyago, muuza kashata aliyetaka kupeleka Mombasa. Hakumtoza mtu. Alimkalisha, akampa kahawa, akamwuliza: "Ndani mna nini? Hapana, usiniambie jina la mzigo. Niambie kila kilichomo." Bwana Theonest anasema siku nyingine alikuwa anakuta wageni sita barazani na chakula hakijapikwa. "Nilikasirika," kaniambia. "Halafu najikuta nami nakata karatasi za lebo."

Nilisema sitalia. Nipeni dakika.

Ijumaa iliyopita, siku tatu baada ya mazishi, mzigo wa mwezi huu ulikuwa tayari. Vikapu thelathini. Vingine yeye mwenyewe alivisuka akiwa kitandani. Wale wanawake wakaupeleka posta ukiwa wazi, haujashonwa. Marijani akakagua, akakuta sawa. Kisha akawaambia, kwa upole, kwamba mstari wa mpelekaji lazima uwe na jina la mtu aliye hai na saini yake. Wakatazamana. Miaka sita walikuwa na jina moja tu.

Bi Siwatu akaisogelea kaunta. Ana miaka hamsini na saba. Tangu ile barua ya Australia, Kokushubila alikuwa akimfundisha herufi, kidogo kidogo, juu ya mkeka. Hakuwahi kuandika mbele za watu. Akashika kalamu. Foleni ilikuwa ndefu, na Marijani anasema hakuna aliyemhimiza. Akaandika S. Akapumzika. Akaandika I. Akaendelea mpaka mwisho, akaweka saini, akasukuma fomu mbele na kusema, "Mpelekaji ni mimi."

Meli iliondoka jioni ileile.

Bwana Theonest, binti yetu Felicitas, ndugu zetu wa Kamachumu, na ninyi wanawake wa barazani Temeke: poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Bwana Taiyeb, nawe pole, na umfikishie pole yetu Shamshad huko Adeni.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, redio ikinyamaza, kaeni kidogo mfikiri. Nyumbani kwako kuna kazi gani inayosimama kwa jina la mtu mmoja? Nenda kwake leo, angali anakusikia. Mwambie akufundishe.