Birika Lililocheulishwa

Benchi letu liko nje ya duka langu la kunyolea, na lina mguu mmoja mfupi. Alilitengeneza Kipimo, seremala wa jirani, ambaye makabati ya wateja wake hayana kasoro hata ya unywele. Hili la bure ndilo linayumba, na kila tukimwambia, anasema atalirekebisha kesho. Asubuhi ile tulikuwa wanne: mimi, Kipimo, Honi aliyeendesha malori mpaka mgongo ukagoma, sasa anatuuzia kahawa, na Mawimbi, fundi redio, ambaye husikia nusu ya kipindi akakihubiri kizima. Kipimo alikuwa amepata binti wiki hiyo hiyo, lakini alikiinamia kikombe kama mtu aliyefiwa. Jambo hilo liliniudhi.

— Vipi, baba mtoto, nikamuuliza, mbona umenuna?

— Sijamshika bado.

— Tangu azaliwe?

— Mke wangu akitaka kunipa, namwambia mikono ina vumbi la mbao. Halafu narudi karakana. Nimeshamtengenezea vitanda vitatu.

— Unaogopa nini, mtoto anang'ata?

— Muulize Mawimbi. Yeye ndiye kanitia hofu.

Mawimbi akakohoa, akajiweka sawa.

— Mimi nilisema ya redioni tu. Watafiti wamechunguza panya. Mtoto wa panya aliyelambwa sana na mama yake hukua ametulia. Asiyelambwa hukua na wasiwasi, na yeye akizaa, halambi. Ni mambo ya ubongo. Ule ulimi unafungua vitu fulani kichwani, vile vya kupoza hofu. Ndiyo maana wahenga walisema, panya wengi hawachimbi shimo.

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Ina panya.

Honi akatua birika chini.

— Mimi naona huko kulambwa ni kama oili ya injini. Gari jipya ukiliendesha vibaya siku za mwanzo, injini haikusamehe. Bosi wangu wa zamani alikuwa anafoka mpaka na matairi. Yule hakulambwa hata sikio. Asiyelambwa na mamaye, hulambwa na ulimwengu.

— Vita vyote hivi unavyovisikia, Mawimbi akadakia, chanzo ni ndimi kavu. Mtu akitaka uongozi, aje na mama yake athibitishe.

— Na aliyelelewa na baba? nikauliza.

— Baba ana ndevu. Zinakwaruza ubongo.

Tukacheka sote, isipokuwa Kipimo.

— Mama yangu aliugua aliponizaa, akasema. Hakuinuka tena. Nililelewa na shangazi, fundi cherehani. Alikuwa ananilaza kwenye kikapu cha vitambaa pale miguuni pake, anashona mchana kutwa, mguu uko kwenye pedeli. Sasa mimi nani alinilamba? Nikimshika yule mtoto nitampa nini, kama kichwani kwangu hamna kitu?

Nilimwonea huruma kweli, na ule utani wa ndevu ukanitoka. Lakini Honi hawezi kukaa kimya hata msibani.

— Kazi mazoezi, akasema, akavua koti, akaliviringishia birika. Shika. Huo mdomo ndio kichwa, usiuache ulegee.

— Lina moto.

— Na mtoto ana joto. Lingekuwa la baridi, ungelikimbiza hospitali.

— Lilambe kidogo, Mawimbi akamshauri.

— Ukilamba birika la moto, nikamwambia, utajua hujui.

Kipimo akalishika kama anayebeba kioo cha mteja. Mawimbi akaona anaharibu somo, akalichukua yeye, akalilaza begani, akaanza kuligonga mgongoni licheue. Nalo likacheua: kahawa yote ikamwagika nyuma ya benchi, nyingine ikanywewa na koti la Honi.

— Shemeji zangu, sauti ikauliza huko nyuma, mbona mnalicheulisha birika?

Alikuwa mke wa Kipimo, kambeba mtoto, mtoto analia. Watu wazima na ndevu zetu tulitazamana.

— Mshike mwanao, akamwambia mumewe. Sijafumba jicho. Na usiniambie vumbi, hiyo mikono inanuka kahawa.

Akamwekea mikononi. Kipimo akakakamaa, mtoto akazidisha kilio, na Mawimbi akafumba macho. Ndipo nikauona mguu wa Kipimo. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Benchi letu bovu likaanza kuyumba polepole nasi sote juu yake, tukashikilia vikombe. Kisha mdomoni mwake ukatoka mngurumo mdogo, trrr, unakatika kama uzi uliofika ukingoni, halafu unaanza tena. Mtoto akasikiliza. Akanyamaza.

— Hiyo umefundishwa na nani? mkewe akauliza.

Machozi yakamtiririka Kipimo bila aibu. Nikamtazama Mawimbi, alikuwa anatazama viatu vyake. Honi akalipindua birika, halikutoa hata tone, lakini hakuna aliyeinuka kwenda zake. Mimi nilisema neno moja tu, tena kwa kunong'ona: kuanzia leo, ule mguu mfupi wa benchi Kipimo asiuguse.