Neno Moja kwa Wendell Kabla ya Ijumaa

Mgeni rasmi, Bwana Jarvis Pettiford, mhitimu wa shule hii na mchezaji wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu, kwa wingi wavyo, Kocha Rourke Dillard wa Chuo Kikuu cha Ardsley, uliyefuatana naye, Mkuu wa Shule, walimu, wapishi, na wenzetu wa mabweni mengine, ambao hawakuombwa kusoma chochote:

Sisi wanafunzi wa Bweni la Crane tunasimama mbele yenu tukiwa tumechana nywele.

Ofisi ya Mkuu wa Shule ilituagiza tuandike risala fupi, ikaipitia, ikaipenda. Risala ile tunayo mfukoni, imekunjwa vizuri, na atakayeihitaji atapewa. Hii ni nyingine. Tunamsihi Mkuu wa Shule asinyanyuke, supu ya kome iko njiani.

KARIBU

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumekungoja kwa hamu, maana wenyeji wako wanaumwa, kama utakavyosikia.

Bwalo limepigwa deki, na chingamu zilizotafunwa zimebanduliwa chini ya meza kuu, hivyo unaweza kuweka magoti bila wasiwasi. Bango lililo nyuma yako tulianza kuliandika uliposema utakuja, ukiwa bado mchezaji wa Chuo Kikuu cha Pickett. Rangi haijakauka, ukatangaza unahamia Ardsley. Mwenye macho makali ataona kivuli cha chuo cha zamani chini ya kipya, kama doa la mchuzi kwenye kanzu. Rangi nyeupe imetuishia. Kama una mpango mwingine wowote, tafadhali tudokeze kabla ya keki.

HISTORIA

Wewe unaijua desturi ya ukuta ule wa vibendera, lakini kwa faida ya Kocha tutaieleza. Kila mwanafunzi wa hapa anayekwenda kuchezea chuo hupigiliwa msumari, na juu yake hutundikwa kibendera cha chuo chake. Masharti ni mawili. Kila mtu msumari mmoja. Na kibendera hakishushwi ila na mwenyewe.

Walioweka masharti hayo waliishi zama nyingine, mchezaji alipokuwa akiingia chuo kama mtu anavyoingia kwenye ndoa. Ukihama, ulikaa benchi mwaka mzima ukitafakari dhambi yako. Malipo yako yalikuwa masomo, chakula na kupigiwa makofi. Siku hizi mchezaji analipwa, na akitaka kuhama anahama soksi zikiwa mbichi. Sisi hatupingi. Mabwana waliokula fedha za viingilio miaka yote hiyo hawakuona haya, na hatujui kwa nini vijana waliotoka jasho waone.

Ila ukuta haukuandaliwa. Msumari wako una vibendera vitatu, vimening'inia kama shada la vitunguu, na Bi Lorraine wa jikoni amesogeza meza ya supu mbali nao. Cha nne, cha Ardsley, kilikuwa kitundikwe leo. Hatukukinunua. Kimoja kipo tayari ukutani, na hilo ndilo lililotuleta hapa.

MAFANIKIO

Tuanze na yako. Kwa mujibu wa wanyama waliochorwa kwenye jezi zako umekuwa dubu, ukawa mwewe, ukawa nguruwe pori, na leo umetujia ukiwa kasa. Katika kila chuo ulisema mbele ya kamera, "Hapa ndipo nyumbani," na sauti ikatetemeka mahali pale pale, jambo linalohitaji mazoezi. Umetangaza magodoro, magari yaliyotumika, na fundi mmoja wa vyoo ambaye sasa tunaimba namba yake ya simu tukiwa bafuni. Umemnunulia mama yako nyumba yenye ngazi ndani na jua jikoni. Hilo la nyumba hatulifanyii utani. Siku tuliposikia, bweni zima lilipiga makofi.

Yetu ni machache. Mashine ya kufulia ya ghorofa ya pili inafanya kazi, mradi mtu aikalie. Na lile tukio la mbuzi kukutwa kwenye kiti cha Mkuu wa Shule halijajirudia, ingawa mbuzi yupo.

CHANGAMOTO

Changamoto zetu ni nyingi, lakini tutaitaja moja. Inaitwa Wendell Bouchard.

Ndiye yule mwenye tai nyekundu, meza ya karibu na dirisha, anayeitazama sahani yake kana kwamba imemdai. Hakujua kwamba tungesema hili. Angejua, angejifungia stoo ya mipira.

Wendell ametoka kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, kwa watu wanaolima viazi, na kwa heshima ya kazi hiyo sisi humwita Kiazi. Ni mlinzi wa kupanga mchezo. Si mrefu kama wewe, lakini pasi yake hukufikia mkononi kabla hujajua unaihitaji. Hasemi sana. Akikuambia atakuamsha saa kumi na moja ukamalize kazi ya hesabu, atakuamsha, hata ukimtupia kiatu.

Mwezi wa Oktoba Kocha Dillard alifika hapa. Alikaa kwenye kiti hicho hicho alichokalia sasa, akala pai ya tofaa, akaongeza nyingine. Kisha akamwekea Wendell mkono begani, sote tukisikia.

"Kijana, nafasi yako Ardsley ipo. Mimi nikisema neno, nimesema."

"Asante, Kocha. Basi na mimi nimesema," akajibu Wendell.

Siku hiyo hiyo alipigiliwa msumari na kutundika kibendera cha Ardsley kwa mkono wake. Vyuo vingine vilivyokuwa vikimtafuta akaviandikia barua za adabu, kimoja kimoja, kwamba ameshachukuliwa. Tulimwambia afanye kama wakubwa, aache mlango wazi kidogo. Alitutazama kama tuliomwambia aibe kuku.

Sasa, mgeni rasmi, wewe ulipotangaza kwamba unahamia Ardsley, tulikuwa kwenye sebule ya bweni, na habari ilitokea kwenye simu ya Cyrus, anayelala chumba kimoja na Wendell. Picha yako ilikuwa kubwa, na nyuma yake kasa anatoa moshi puani.

"Kiazi, umeona?" akauliza Cyrus.

"Nimeona."

"Huyu anacheza namba yako."

"Najua anacheza namba gani. Alitufundisha kambi ya kiangazi."

"Sasa?"

"Sasa nini? Kocha hajasema kitu."

"Hajasema kwa sababu hana uso wa kusemea, ewe gunia la viazi. Siku hizi makocha hawapandi mbegu. Wananunua mahindi yaliyokwisha chemshwa. Wewe ni mbegu. Yule ana ndevu."

"Hajasema hapana, Cyrus."

Wendell alimpigia Kocha. Simu iliita mpaka ikachoka. Akaandika ujumbe wa heshima, akiuliza kama nafasi bado ipo. Jibu likaja kesho yake. Lilikuwa picha ya kidole gumba.

Mgeni rasmi, kidole kile kimeligawa bweni hili. Wapo wanaoshikilia kuwa kilimaanisha ndiyo. Wapo wanaosema kilimaanisha ujumbe umefika. Wengine, akiwemo mwalimu mmoja ambaye hatutamtaja ingawa anakohoa sasa hivi, wanasema kilimaanisha usinipigie tena. Wendell pekee hakuingia kwenye ubishi. Alisema kidole si neno, na yeye alipewa neno.

Wakati huo kuna chuo kidogo Maine kinachoitwa Saint Odile. Hakina mtu wa kulipia matangazo ya magodoro. Basi lao lina kipasha joto upande mmoja, na wachezaji hupokezana kuukalia. Kocha wao ni mama mmoja aitwaye Pelkey, na ndiye pekee ambaye hakukubali barua ya adabu. Hupiga simu nyumbani kwa Wendell, na juzi alipiga ya bweni, ile ya ukutani. Cyrus alipokea, sote tukabana masikio.

"Mwambie nimemwekea nafasi hadi Ijumaa," alisema. "Baada ya hapo nitamchukua mtoto wa Bangor, mrefu kama mlingoti, lakini kiti kinaweza kumpokonya mpira. Msinifanyie hivyo, wanangu."

Mama yake Wendell alipiga baadaye kidogo.

"Yule mama kanipigia tena. Nimjibu nini?"

"Mwambie nilishatoa ahadi, mama."

"Kwa nani, mwanangu?"

Wendell alizungusha waya wa simu kwenye kidole mpaka kidole kikabadilika rangi, kisha akasema viazi vya mbegu visikae karibu na mlango, vitaganda.

Huo ndio ugonjwa wa wenyeji wako. Katika nchi nzima ya watu wanaohama, amebaki mmoja anayengoja kuruhusiwa kuondoka. Kesho ni Ijumaa.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba lile shada la vitunguu ulipunguze. Tunashauri nguruwe pori aanze.

Pili, na hapa tunaomba usikilize kwa makini kuliko tulivyokuwa tukikusikiliza kambini: hatukuombi umwachie Wendell nafasi. Mwili wako una miaka michache ya kuuzika, goti lako la kushoto tunalijua, na mama yako ameshapanda maua mbele ya nyumba. Hukumnyang'anya mtu kitu. Hukuambiwa kwamba kiti kina mtu.

Tatu ndilo ombi lenyewe. Tunasikia umetangaza lakini hujatia saini. Tunasikia pia kwamba karatasi ziko kwenye begi lile la ngozi ambalo Kocha amelibana miguuni tangu aingie, hata alipokwenda kuosha mikono. Kocha asiyeweza kupokea simu ya kijana wa miaka kumi na minane amepanda ndege na wewe, amekubebea koti, na amecheka kila ulipofungua kinywa, hata ulipokuwa unapiga mwayo. Amefanya hivyo kwa sababu wewe unaweza kuondoka. Wendell hawezi, na ndiyo maana alipata kidole.

Basi tuazime miguu yako kwa dakika moja. Mgeukie Kocha, kabla hujaomba kalamu, umwambie, "Kamwambie kijana."

Hatutaki hotuba. Hatutaki aeleze jinsi mchezo ulivyobadilika, tunajua ulivyobadilika, tumelipaka bango rangi. Tunataka atembee kutoka meza kuu hadi meza ya dirisha, amtazame Wendell Bouchard usoni, na aseme neno moja, hapana, kwa sauti ile ile aliyosemea ndiyo. Wendell ni mtu wa neno. Akirudishiwa lake atalipokea.

Ngazi tumeiegemeza nyuma ya pazia, Mkuu wa Shule, tafadhali usituulize funguo za karakana tulizipataje. Wendell atapanda mwenyewe, kama masharti yanavyotaka, atashusha kibendera cha Ardsley, atakupa mkononi, na wewe utakitundika kwenye msumari wako. Kina tundu tayari. Utatusamehe. Wa kwake utabaki mtupu kwa muda wa kutembea kutoka hapa hadi kwenye simu ya ukutani. Kocha Pelkey amesema yuko karibu na simu, anafuma soksi.

Bwana Pettiford, Mungu akujalie goti zima, hakimu wa mchezo mwenye huruma, na nyumba ya mama isiyovuja. Na siku ile utakapokuwa huwafai tena, maana itafika, kasa nao huzeeka, akujalie kocha atakayekuja mwenyewe kukuambia.

Tunaketi sasa. Sauti husafiri vizuri ndani ya bwalo hili, hata ya mtu anayesema polepole.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Bweni la Crane,
wote isipokuwa mmoja.