Siku Tumbo Yangu Ilifunguka

Amani ya Yesu ikuwe na siye wote, ndugu zangu! Aleluya!

Miye ni Baba Dieudonné, mulimaji wa Kpandroma. Vita ilitufukuza, sasa tunaishi hapa Saio. Leo nashuhudia juu ya tumbo. Watoto, musicheke! Hata matumbo Mungu ndiye aliumba.

Siku moja ya Mungu, kisha ibada, nilikula bugali na maharagi kwa mulamu wangu, Mama Rosine, mujane wa ndugu yangu. Kesho yake tumbo ikavimba sawa ngoma. Choo hapana, hewa hapana, maumivu tu! Majirani wakasema: "Yule mwanamuke amekutilia sumu." Ndugu zangu, nikaamini! Rosine alileta uji, nikageuzia uso kwa ukuta.

"Mulamu, ni miye," alisema.

Majirani wakaleta dawa ya kutapisha. Rosine akaimwaga chini! "Hapana. Huyu anaenda lopitale, kwa wanganga wa hospitali." Akaita mutu wa moto, ile pikipiki ya kubeba watu, tukapanda, akanishika mugongo njia yote.

Munganga wa lopitale akagonga tumbo na vidole, kisha akaniambia: "Muzee, hii si sumu. Chakula inashuka mu tumbo, inasagwa, inapita mu matumbo madogo, pale mwili inanyonya nguvu yake. Yenye inabakia inaenda mu utumbo mukubwa, maji inanyonywa, kisha inatoka. Huo wako mukubwa umejizungusha, sawa nguo yenye mutu anakamua. Kitu haipite tena. Tukichelewa, huo utumbo utaoza."

Wakanichoma shindano ya usingizi. Nikaanza kuelea. Niliona ukungu wa milima ya kwetu, ng'ombe wanatembea ndani yake, miguu haionekane. Mama yangu, mwenye alisha kufa zamani, alikuwa mutoni. Anakamua kitenge polepole, anakifungua, anakianika juu ya majani. Hakuniita. Sikusikia woga hata kidogo.

Nilipoamuka walikuwa wamesha nipasua. Walinyoosha utumbo, wakakata pahali penye palianza kuwa peusi. Kukabakia kungojea hewa itoke, ndiyo alama utumbo umeanza kazi tena. Kila asubuhi munganga anaweka chombo yake ya kusikilizia juu ya tumbo, anafunga macho.

"Muzee, umetosha hewa? Imetoka?"

"Bado."

Ndugu zangu, wagonjwa wote wa kile chumba waliniombea hewa!

Siku ya tatu, jua ikiwa imeingia kwa dirisha, nikasinzia. Nikasikia maji inatembea mbali, chini ya mawe, polepole, sawa kijito kisicho na haraka. Nikasikiliza sana. Kumbe ni ndani yangu! Halafu hewa ikatoka, na nguvu! Chumba kizima: "Aleluya!" Rosine, mwenye alikuwa analala chini pembeni ya kitanda changu, akapiga vigelegele.

Nikamushika mukono. "Mulamu, unisamehe. Nilizani ni weye."

Macho yake ikajaa machozi. "Nilijua," akasema. "Kwanza upone."

Bwana asifiwe! Weye mwenye tumbo imevimba na kitu haitoke, usitafute mulozi, kimbia lopitale! Na weye mwenye umemufungia ndugu yako roho, usingoje ioze. Mukuje kwa Yesu, ndugu zangu, namna muko. Hakuna kitu ndani yetu yenye yeye anaona haya kugusa.

Amina!